Mjumbe Hauawi? Mafunzo ya Mawasiliano na Dhamana ya Neno

Methali isemayo kuwa mjumbe hauawi huchukuliwa aghalabu kama wito wa huruma. Ikichunguzwa kwa makini, hata hivyo, methali hii haisemi lolote kuhusu huruma. Ni kauli ya kisheria. Inatenganisha nafsi mbili, mwenye neno na mbeba neno, kisha inamwondolea lawama yule wa pili kwa sharti ambalo halitajwi kwa kuwa wasikilizaji wa awali walilijua: kwamba mjumbe hakulichagua neno, hakulipunguza wala hakuliongeza. Mjumbe aliyetia chumvi alikuwa amekwisha kuvuka mpaka wa ulinzi huo. Makala haya yanachunguza iwapo ulinzi wa mjumbe unaweza kudaiwa na mtu aliyekaa chuoni miaka miwili au minne akifundishwa, pamoja na mengine, namna ya kuchagua neno.

Nchini Kenya swali hili limekuwapo kwa zaidi ya miaka sitini. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, ambayo wengi huijua kwa herufi zake KIMC, ilianza mwaka 1961 ikiwa mahali pa kuwafunza mafundi wa redio ya taifa. Mwaka 1963 Tom Hopkinson, aliyekuwa amehariri Picture Post kule Uingereza na Drum kule Afrika Kusini, alifika Nairobi kuongoza kozi fupi za International Press Institute kwa waandishi wa Afrika. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha Shule ya Uandishi wa Habari. Baada ya hapo idara za mawasiliano zilizagaa, na zilizagaa kwa kasi zaidi pale utangazaji ulipoachiwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Mfuatano huu una maana yake. Fundi alitangulia, mwandishi akafuata. Mafunzo yalianzia kwenye mtambo, yakaja kwenye sentensi, na suala la ni nani anayewajibika kwa sentensi hiyo likaachiwa kozi moja ya maadili ambayo mwanafunzi huifanyia mtihani na kuisahau.

Inafaa kuanza na majina yenyewe, kwani lugha imeweka akiba humo. Neno mawasiliano limetokana na kitenzi wasili, ambacho maana yake ni kufika. Katika kauli ya kutendeana, watu wanaowasiliana ni watu wanaofikiana: huyu anamfikia yule, na yule anamfikia huyu. Hakuna katika neno hili upande mmoja unaotoa na mwingine unaopokea. Lakini mwanafunzi anapoingia katika idara yenye jina hilo, kitenzi anachokutana nacho kila siku si kuwasiliana bali ni kuwasilisha. Anawasilisha habari, anawasilisha kipindi, anawasilisha ripoti. Mzizi ni ule ule. Kilichobadilika ni kiambishi tu, lakini kiambishi hicho kimebadilisha uhusiano wote. Katika kuwasilisha kuna mtu mmoja anayefanya kitu kifike, na mwenzake hana la kufanya isipokuwa kufikiwa. Upashaji habari nao ni vivyo hivyo. Pasha ni kumfanya mtu apate, na mtu anayefanywa apate hakuulizwa kama alikuwa akitafuta. (Kwamba kitenzi hicho hicho hutumika kwa chakula cha jana kinaporudishwa jikoni ni jambo ambalo wasikilizaji wa taarifa za saa moja usiku wanaweza kulitafakari wenyewe.) Hivyo basi idara hubeba jina la kutendeana na kufundisha kauli ya kutendesha. Huu si mchezo wa maneno. Ni tofauti kati ya kazi ambayo msikilizaji ni mshiriki wake na kazi ambayo msikilizaji ni shabaha yake.

Swali la mwalimu wa stadi kama hii ni la kale. Katika mazungumzo ambayo Plato aliyaita Gorgias, mwalimu mashuhuri wa ufasaha anajitetea kwa mfano wa mwalimu wa ndondi. Mtu akifundishwa ndondi, kisha akaenda kumpiga babake, haifai kumfukuza mwalimu mjini. Aliyeitumia stadi vibaya ndiye wa kulaumiwa. Utetezi huu ungali unasikika katika vyumba vya walimu hadi leo, hata pale ambapo Plato hasomwi. Lakini muda si muda Socrates anamuuliza Gorgias iwapo mwanafunzi asiyejua haki hupokelewa, na Gorgias anajibu kuwa huyo atafundishwa haki pia. Hapo ndipo utetezi wake unapoporomoka. Ikiwa haki inafundishwa pamoja na ufasaha, mwalimu hawezi tena kunawa mikono mwanafunzi akipotoka. Na ikiwa haifundishwi, basi anauza kisu pasipo ala. Chuo chochote kinachotia kozi ya maadili katika mtaala wake kimejibu kama Gorgias, na kinastahili kuulizwa kama alivyoulizwa Gorgias.

Ili suala hili lisielee hewani, matukio mawili ya historia ya Afrika Mashariki yanafaa kuwekwa bega kwa bega. La kwanza ni la asubuhi ya Agosti 1, 1982. Askari wa Jeshi la Anga la Kenya, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, waliiteka Sauti ya Kenya wakamchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutoka nyumbani kwake. Kwa mtutu wa bunduki alitakiwa aitangazie nchi kuwa serikali imepinduliwa, naye akatangaza. Siku hiyo hiyo, askari watiifu kwa serikali chini ya Mahamoud Mohamed walipokikomboa kituo, sauti hiyo hiyo ilitangaza kwamba serikali imerejea mamlakani. Matangazo mawili yanayokanushana yalitoka katika kinywa kimoja kabla jua halijatua.

Je, msemaji huyo alisema uongo? Mhakiki wa fasihi ana zana ya kulijibu swali hili ambayo mwenzake wa idara ya mawasiliano hupewa kwa nadra. Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa tangu mwaka wa kwanza kutenganisha mwandishi na msimulizi, mshairi na nafsi-neni. Hamlaumu mwigizaji kwa maovu ya mhusika anayemwigiza. Kwa kipimo hicho Mbotela wa asubuhi ile alikuwa mjumbe katika maana kamili ya methali: neno halikuwa lake, hakulichagua, na aliyelichagua alikuwa amesimama kando yake akiwa na silaha. Mtahini anayemuuliza mwanafunzi iwapo mtangazaji yule angefaa kukataa na kufa asisahau kuwa yeye anauliza akiwa ameketi.

Hata hivyo uchambuzi huu hautoshi. Kama haja ya askari ingekuwa ni maneno kusomwa tu, mmoja wao angeyasoma. Walichokwenda kukichukua nyumbani kwa Mbotela hakikuwa koo bali imani ya wasikilizaji, iliyokuwa imerundikwa kwa takriban miongo miwili ya kazi. Sauti ile ilikuwa imeaminiwa katika mpira, katika salamu, katika misiba ya taifa. Kwa istilahi ya waswahili wenyewe, ilikuwa amana. Sheria ya amana, kama ilivyofahamika pwani kwa karne nyingi kupitia fiqhi ya Kiislamu, inatoa kipimo kilicho sahihi kuliko kile cha mjumbe. Aliyewekewa amana halipi kilichoporwa kwa nguvu. Hulipa alichokipoteza kwa uzembe au alichokitumia kwa faida yake. Siku ile amana iliporwa. Na kwamba hakuwa na hatia si kusema kwamba hapakuwa na madhara. Wapo walioisikia sauti waliyoizoea wakatoka barabarani kushangilia, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadhi yao walifungwa, na chuo chenyewe kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Deni lilikuwapo. Wa kulilipa walikuwa wenye bunduki, si mwenye sauti.

Kuna kinaya katika maisha ya mtangazaji huyu, aliyefariki Februari 2025, ambacho hakiwezi kupitwa. Kipindi kilichomjengea jina tangu miaka ya 1960 kiliitwa Je, Huu ni Uungwana? Historia ya neno uungwana katika pwani ya Afrika Mashariki ni historia ya mgawanyiko: muungwana alikuwa yule asiye mtumwa. Mbotela alizaliwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ukoo wake ndio ule wa James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Mtu wa Freretown kulichukua neno ambalo waliomiliki watu walijipambia nalo, kisha akaligeuza liwe swali kwa kila anayetema mate hadharani au kuvunja foleni, ni tendo la kifasihi la hali ya juu, hata kama hakuna aliyeliita hivyo wakati huo. Na umbo la kipindi lilikuwa swali. Msikilizaji hakuwasilishiwa hukumu. Alikabidhiwa kisa akaachiwa atoe hukumu mwenyewe. Hapo kitenzi cha kutendeana kilipata mahali pa kukaa.

Tukio la pili ni la Rwanda. Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Tangu 1990 hadi 1992 aliongoza ORINFOR, idara ya serikali iliyosimamia redio ya taifa na magazeti. Baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa Radio Télévision Libre des Mille Collines, iliyoanza kutangaza Julai 1993 na ambayo katika mauaji ya kimbari ya 1994 ilitangaza hadharani nani asakwe na wapi. Mnamo Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha. Mwezi Novemba 2007 Mahakama ya Rufaa iliyatupilia mbali mengi ya yale aliyopatikana nayo, ikapunguza adhabu hadi miaka 30. Kilichobaki kinapaswa kusomwa kwa makini na kila mwalimu wa mawasiliano: wajibu wake kama mkuu kwa matangazo ya redio hiyo yaliyotolewa baada ya Aprili 6, 1994. Alikuwa na mamlaka juu ya watangazaji, alikuwa na sababu ya kujua walichokisema, na hakuwazuia wala hakuwaadhibu.

Matukio haya mawili yakilinganishwa, picha inayojitokeza ni kinyume cha ile anayoitarajia mtu wa kawaida. Kule Nairobi palikuwa na sauti pasipo uamuzi, na mwenye sauti hana hatia. Katika hatia iliyobaki dhidi ya Nahimana palikuwa na uamuzi, au tuseme kukataa kuamua, pasipo sauti, na hatia ikasimama. Dhamana haifuati kinywa. Inafuata uchaguzi. Na hapo ndipo mafunzo ya chuo yanapoingia katika mgongano na nafsi yake. Mwanafunzi hufundishwa uhariri, ambao ni stadi ya kuchagua: habari ipi itangulie, nani anukuliwe, neno gani likatwe. Muhula huo huo hufundishwa kutopendelea, na kutopendelea huko mara nyingi huelezwa kana kwamba ni kutokuwapo: mwandishi ni kioo, mwandishi ni chombo. Lugha yetu imeusaidia udanganyifu huu kwa kuviita redio na magazeti vyombo vya habari. Chombo hubeba kilichotiwa ndani yake. Lakini hakuna chombo kinachojichagulia shehena. Chuo humpa mwanafunzi uwezo wa mwenye neno, kisha humruhusu aondoke na udhuru wa mjumbe.

Huenda ikasemwa kuwa mifano hii miwili ni ya siku za maafa, na kwamba mhitimu wa kawaida hatakutana kamwe na bunduki studioni wala redio ya mauaji. Ni kweli. Ndiyo maana sehemu nzito zaidi ya hoja hii haiko katika siku hizo bali katika sentensi ya kila siku. Chukuliwe sentensi ya aina ambayo msikilizaji wa redio nchini Kenya ameisikia mara nyingi kiasi cha kutoisikia tena: “Majambazi watatu wameuawa katika ufyatulianaji wa risasi na polisi jijini Nairobi.” Sentensi hii ni ya mfano tu, lakini hakuna mwalimu wa uandishi wa habari atakayeipata na kosa la sarufi. Ni fupi, inasema nani, nini na wapi, na inaweza kusomwa kwa pumzi moja.

Ichambuliwe kama mhakiki anavyouchambua mshororo wa shairi. Neno la kwanza, majambazi, limekwisha kutoa hukumu. Waliokufa hawakufikishwa mahakamani. Walichopata ni nomino. Sarufi haina nafasi ya kushuku katika nomino hiyo, kwani jambazi si mtu anayedaiwa kufanya jambo, ni mtu aliye jambo lenyewe. Kisha kitenzi, wameuawa, kimewekwa katika kauli ya kutendwa. Kiunganishi “na” kinachofuata hakimtaji mtenda wa kitenzi hicho. Kimeambatanishwa na ufyatulianaji. Kwa hiyo watu wameuawa, polisi wapo katika sentensi, lakini kisarufi hakuna aliyeua. Kilichoua ni tukio. Na nomino ya tukio hilo, ufyatulianaji, imejengwa juu ya kauli ya kutendeana, ile ile iliyomo katika mawasiliano. Kwa silabi tatu, li, a na na, inashuhudia kwamba waliokufa nao walifyatua. Huenda walifyatua. Huenda hawakuwa na chochote cha kufyatua. Mwandishi hakuwapo, alichokuwa nacho ni taarifa ya upande mmoja, na viambishi vyake vimekula kiapo kwa niaba ya upande huo.

Huyu si mjumbe. Mjumbe angesema kuwa polisi wamesema. Mwandishi wa sentensi hii amelimeza neno la mwingine na kulitoa kama lake, akiwa na sauti ambayo umma umeiweka amana. Wala hapakuwa na mtu mwenye bunduki mlangoni. Tuchukulie kwamba mama wa mmoja wa wale watatu ana redio jikoni. Habari imewasilishwa kwake kikamilifu. Je, imewasili? Amefikiwa na jambo ambalo hana njia ya kulijibu, katika lugha yake mwenyewe, kwa kauli inayodai kuwa mwanawe alishiriki katika kutendeana.

Pingamizi lenye nguvu zaidi halitoki kwa Gorgias bali kwa wahitimu wenyewe. Hulalamika kuwa uchaguzi haukuwa wao. Sentensi ilikuja kwa Kiingereza kutoka dawati jingine na kazi yao ilikuwa kuitafsiri kabla ya saa. Mhariri anataka ufupi. Mwenye kituo hataki ugomvi na wakubwa. Ripota wa mashinani analipwa kwa urefu wa habari iliyochapishwa na haweza kugharamia safari ya kwenda kuulizia kwa majirani wa marehemu. Haya ni ya kweli na hayafai kudharauliwa na mtu mwenye mshahara wa chuo kikuu. Yanapunguza dhamana. Hayaifuti, kwa sababu mfasiri bado anachagua. Hakuna kitu katika Kiingereza kinachomlazimisha atumie jambazi badala ya mshukiwa, na Kiingereza hakina kabisa kiambishi cha kutendeana cha kumwekea kinywani. Ufyatulianaji ni mchango wake mwenyewe. Kipimo cha amana kinafaa hapa: kuna kilichoporwa na mwenye kituo, na kuna kilichopotezwa kwa uzembe mezani pa mfasiri. Mtu hawezi kuyatia yote mawili katika kapu la kwanza.

Haifuati kutokana na hoja hii kwamba idara ziongeze kozi nyingine ya maadili. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliambatanishwa na kanuni za maadili, na kanuni ziliweza kukaririwa vizuri na watu walioendelea kuandika majambazi. Maadili yanayofundishwa Jumatano saa nane, mbali na uandishi unaofundishwa Jumanne, huwa mithili ya hirizi: huvaliwa, hayasomwi. Mahali pake ni ndani ya somo la sentensi, na hapo idara za fasihi na lugha, ambazo zimezoea kuzitazama idara za mawasiliano kwa jicho la dharau kana kwamba ni karakana, zina la kutoa na pia lawama ya kubeba. Kwa miaka mingi zimewafunza wanafunzi kuichambua nafsi-neni katika tenzi na kuwaacha wasikilize taarifa ya habari bila chombo chochote cha uhakiki.

Sentensi ile inaweza kuandikwa upya: “Polisi jijini Nairobi wamewapiga risasi na kuwaua watu watatu. Polisi wanasema watu hao walikuwa majambazi waliowafyatulia risasi kwanza.” Sasa muuaji anajulikana, dai lina mwenyewe, na msikilizaji amerudishiwa haki ya kushuku upande wowote atakao. Mjumbe amekuwa mjumbe tena. Lakini ya kwanza ilikuwa na maneno kumi na moja, na hii ina kumi na manane. Maneno saba hewani ni sekunde tatu au nne, na taarifa ya dakika tano ina habari nyingi zinazosubiri. Katika mtihani wa uandishi wa habari za redio, mwanafunzi atakayeandika sentensi ya pili huenda akakatwa alama kwa urefu, na mtahini atakayemkata atakuwa amefanya hivyo kwa kufuata mwongozo wa kusahihisha.